Maji Yakinyamaza

Kwa siku nne Mwanaidi alikaa akiikodolea macho chupa ya maji iliyofungwa kwenye mguu wa kitanda. Mwanawe Shaibu, wa miezi miwili, alikuwa amepasuliwa moyo. Sasa alisaidiwa kupumua kwa vimirija viwili vya puani, na hewa iliyorudi ilitokea kwenye ile chupa, maji yakitokota kama uji.

"Maji yakinyamaza, niite," Sista Tausi alimwambia siku ya kwanza. Mwanaidi alimwita mara tatu. Mara zote vimirija vilikuwa vimechomoka.

Asubuhi ya siku ya tano Sista alinawa mikono, akabandua plasta, akavichomoa vimirija mwenyewe.

"Leo tunamwachia apumue mwenyewe."

Maji yakanyamaza.

"Sista!" Mwanaidi akapiga ukelele. "Sista, njoo! Maji yamenyamaza!"

"Nipo hapa, Mama Shaibu," alisema Sista, aliyesimama ubavuni pake. "Achana na chupa. Mwangalie mtoto."

Mwanaidi akageuza shingo taratibu. Kifua kidogo chenye bandeji kilipanda, kikashuka, kikatulia. Akaibana pumzi yake, akikingoja kiinuke tena.