Kitendawili cha Stoo ya Mashuka

Alikuwa amejificha kwenye stoo ya mashuka, amekalia fungu la mataulo, mkoba uko tayari begani. Mlango wa nyuma wa hospitali haukuwa mbali. Miguu tu ndiyo ilikuwa imegoma kunyanyuka.

Taa ya stoo ilikuwa imeungua siku nyingi. Kwa hiyo mlango ulipofunguliwa na kufungwa tena, mwanamke yule kijana hakuona sura, aliona kivuli tu cha bibi mmoja mfupi, kanzu ya kijani, miguu mitupu. Bibi akapapasa, akakaa kwenye fungu la pili, akaokota shuka lililoanguka na kuanza kulikunja.

"Nimesikia kilio huko nje," akasema. "Nikadhani paka kabanwa na mlango."

"Niache, bibi. Kama wewe ni wa dobi, chukua mashuka yako uende."

"Mimi leo siendi popote." Bibi akalinyoosha shuka gotini. "Unakiogopa kile chumba chenye taa kubwa."

Kijana akajaribu kukanusha, kilio kikamtangulia.

"Jana alikuwa yule mwalimu," akasema alipopata sauti. "Tulishikana mikono. Nikamwambia, tutaonana ukiamka. Hakuamka, bibi! Na asubuhi hii naitwa mle mle, meza ile ile."

"Mwalimu namfahamu. Alituchekesha wote, Mungu ampumzishe."

"Siwezi kuingia. Nishike mikono uone."

Bibi akaishika. Ilikuwa ya baridi, inatetemeka kama kuku aliyenyeshewa.

"Na usipoingia?"

"Ni kufa tu. Uvimbe haumsubiri mtu."

"Umesali?"

"Usiku kucha! Nimesali mpaka maneno yakaniishia. Yeye ni Mungu, bibi. Mungu atajuaje kutetemeka?"

Bibi akaiachia mikono ile, akalirudia shuka lake. Halafu, kama mtu aliye jikoni kwake na wajukuu, akasema, "Kitendawili!"

"Bibi, tafadhali. Si sasa hivi."

"Kitendawili!"

"Haya... tega."

"Kuna seremala, kijana mwenye nguvu zake. Usiku ni wa baridi, watu wanaota moto. Yeye peke yake jasho linamchuruzika mpaka chini."

"Sijui."

"Umeshindwa? Nipe mji."

"Chukua huu wenye hospitali hii. Mimi siutaki tena."

"Nimeuchukua." Bibi akacheka kwa pua. "Ni Yesu, mwanangu. Bustanini. Aliogopa mpaka akalala kifudifudi. Akamwambia Baba yake, kama inawezekana hiki kikombe kinipite. Hilo ombi lako la usiku kucha, yeye alilisema kabla yako."

"Kikampita?"

"Hakikumpita."

Kijana akajifuta pua kwa ncha ya taulo. "Sasa hapo tumaini liko wapi?"

"Mimi nilisoma shule ya msingi tu, usinibane sana. Ninachojua, nikisali sisemi na mtu asiyejua kuogopa. Huwa simwombi aniondolee woga. Namwambia, Bwana, njia hii unaijua, jasho lako lilidondoka humu. Nishike tupite."

Huko nje magurudumu ya kitanda yalipita yakilia.

"Na kabla ya hapo," bibi akaendelea, "unajua aliwaomba nini rafiki zake? Hakuomba upanga. Alisema, kaeni hapa, mkeshe pamoja nami."

"Wakakesha?"

"Wapi! Wakalala fofofo."

Kijana akacheka bila kutaka, kicheko kilichochanganyika na machozi. Akauweka mkoba sakafuni.

"Bibi, wewe utakaa na mimi?"

"Nitakaa."

"Watakuruhusu kuingia mle?"

"Watanizuia vipi?"

Sauti ya muuguzi ikasikika mwisho wa ukumbi, inaita kwa hasira. Bibi akaliweka shuka lake juu ya mengine, akajikongoja kwenda mlangoni. "Natangulia," akasema. "Usinikimbie."

Kijana alibaki gizani kitambo. Alisema neno moja tu, "Nishike," akasimama. Miguu ikakubali. Mikono ilikuwa bado inatetemeka alipousukuma mlango wa chumba chenye taa kubwa.

"Afadhali umefika, daktari," muuguzi akasema, akimnyooshea glavu. "Mgonjwa yuko tayari. Huyu naye tumemtafuta mpaka chooni."

Juu ya meza, chini ya ile taa, bibi mmoja mfupi aligeuza kichwa. Barakoa ya dawa ya usingizi ilikuwa inamshukia usoni.

"Nimekuja kukaa nawe, mwanangu," akasema. "Ila utanisamehe. Na mimi nitalala fofofo."