Upepo wa Kontena

Upepo wa moto ulikatika saa nne asubuhi. Akina mama waliokuwa wameanika ndagala zao, dagaa wa ziwani, nyuma ya kontena waliinua vichwa kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze wakasikia mvua ikipiga mabati juu yao.

Jocelyne hakuinua kichwa. Aliingiza mkono chini ya kitenge kilichofunika kikapu chake, akaona bado kuna joto, akakisogeza karibu zaidi na ukuta.

Ndani ya kontena lile, juu kidogo ya kijiji cha Swima, mashine mia tatu zilichimba pesa usiku na mchana. Si dhahabu ya Misisi, ambako angalau mtu huoneshwa shimo. Hii ilikuwa pesa ya kwenye kompyuta, na umeme iliokula hausemeki. Kijiji kizima kilichimba mfereji wa maji ya kuzungusha turbine ya umeme bure, kwa salongo, kazi ya pamoja ya kila Jumamosi, kwa kuwa kiliahidiwa taa. Umeme ulikuja kweli. Ukapita juu ya paa la maternité, wodi ya wazazi, ambako mashine ya joto ya wafadhili ilikuwa bado imevaa nailoni yake, ukaingia kontenani, ukaishia hapo. Watu waliachiwa upepo wa moto wa feni zilizopoza mashine.

Basi wakautumia. Ndagala ambazo zingeoza kwa mvua zilikauka kwa siku moja. Nafasi ya katikati, penye joto zaidi, walimwachia Jocelyne, mkimbizi wa Burundi asiye na ndugu hapa, na hakuna aliyemwonea wivu. Jioni wenzake walirudi makwao. Yeye alilala palepale na kikapu chake. Roger, mlinzi, alidhani anaogopa wezi. Hakuwahi kumwuliza, maana feni zilinguruma hivi kwamba watu walisemezana kwa mikono.

Jocelyne alikuwa amejipangia siku arobaini. Leo ilikuwa ya ishirini na mbili, na alijua kwamba upepo usiporudi, kikapu chake hakitaiona kesho.

Roger alitoka na simu mkononi, hakumtazama mtu machoni. Aliwaeleza kwamba bei ya pesa ile imeanguka huko duniani, patron mwenye mashine ameamuru zote zizimwe, na kesho lori litakuja kuzibeba.

Jocelyne aliuliza kama basi umeme utaenda maternité.

"Mama, turbine nayo inasimama," alisema Roger. "Nani atailipia?"

Adolphine, aliyekuwa na ndagala nyingi kuliko wote, alimwomba awashe hata mashine chache, mvua ipite kwanza. Roger alisema akigusa swichi atafukuzwa kazi.

"Ya kwetu haina neno, tutatupa," Adolphine alisema polepole. "Washa juu ya Jocelyne, kwa ajili yake tu."

Roger alimwonea huruma yule mkimbizi. Akachuchumaa mbele yake, akamwambia kwa upole asijitese, biashara ni kupata na kukosa.

"Peleka soko vile iko, mama. Batanunua hata kama haijakauka."

Akina mama wakageuza nyuso. Jocelyne akafunua kitenge. Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake, mdogo kuliko kiatu cha Roger, alikuwa akilia, na kwa kuwa feni zilikuwa kimya, Roger akamsikia kwa mara ya kwanza.