Duara Lisilokuwepo

Mwalimu mstaafu alikuwa ameshashika kalamu ya kutia sahihi hati ya mauzo. Kilichobaki ni mimi, fundi wa gramafoni, kutamka kwamba gramafoni iliyo mezani ni ya kale halisi.

"Sema basi, mwanangu," alihimiza baba mdogo, mwenye duka. Alikuwa ameshanikonyeza mara mbili. "Ina miaka mia na ushei, au siyo?"

Tarumbeta la shaba la kutolea sauti lilikuwa la kale kweli. Nikainama, nikapapasa ubavu wa kisanduku, kwenye tundu la mpini wa kuzungushia. Mpini ukizungushwa miaka yote hiyo hukwaruza mbao, na hapo huwa pana duara lililolika. Hapa kidole kiliteleza kama juu ya kioo, kikarudi na ukahawia kwenye ncha. Nikakinusa. Kilinuka rangi ya viatu.

"Unanusa nini? Kwani mchuzi huo?" Baba mdogo alicheka peke yake.

"Mwalimu, unalipa kwa fedha gani?"

"Kiinua mgongo changu, binti. Chote."

"Basi weka kalamu chini. Tarumbeta ni la zamani. Kisanduku hakijamaliza hata mwaka."

Kalamu ikatua mezani. Baba mdogo akasimama, mishipa ya shingo imemtutumka.

"Unanivua nguo mbele ya mteja? Mimi niliyekulea, nikakusomesha? Niombe radhi, sasa hivi, na yeye akisikia!"

Mwalimu alitutazama kwa zamu.

"Siombi, baba mdogo. Si leo, si kesho."