Birika la Mama Soma

Nakeno alisafiri kutoka Lodwar hadi Kakuma kutafuta mtu wa kumwandikia barua, ingawa yeye mwenyewe alikuwa afisa wa maji na nusu ya kazi yake ilikuwa kuandika.

Mlinzi wa lango la kambi ya wakimbizi, Ater, mtu mrefu wa Sudan Kusini, aliitazama bahasha ambayo Nakeno aliibana kwapani.

“Ejok,” alimsalimu kwa Kiturkana. “Unataka injinia gani? Hapa iko wengi.”

“Yule wa Sri Lanka.”

“Yeye anajua wewe?”

“Hanijui.”

Ater alimtazama usoni, kisha akamfungulia.

Injinia Wimal alikuwa amechutama kando ya pampu iliyofunguliwa, mikono imejaa grisi. Alimvutia kiti. Nakeno alikataa kuketi, akamweleza yote akiwa amesimama.

Mwaka uliotangulia, 2012, alipelekwa Sri Lanka kwa mafunzo ya mwezi mmoja, kujifunza jinsi watu wa Anuradhapura wanavyotunza mabwawa waliyoachiwa na mababu zao. Alikaa kwa mjane mmoja, Mama Soma, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Binti yake ndiye aliyewatafsiria. Jioni ya kwanza Mama Soma alimuuliza kila kitu: ana mbuzi wangapi, mume yuko wapi, wazazi wako hai? Nakeno akasema mama yake, Apua, alifariki Lopur katikati ya Januari, na kwamba yeye alipofika kutoka Lodwar alikuta wameshazika. Mama Soma aliandika kitu kwenye kalenda ya jikoni, akamwongezea wali.

Alipougua homa, yule mama alimkanda kwa kitambaa chenye maji siku mbili, akamfulia hata nguo za ndani.

Alipopona, walizunguka mahekalu. Nakeno aliona kuba jeupe, kubwa kama kilima. Watu walivua viatu langoni, na watalii wakawa wanarukaruka juu ya mchanga wa moto. Yeye alitembea taratibu kama yuko kwao, Mama Soma akacheka mpaka akashika mbavu. Kwenye kizingiti kulikuwa na jiwe la nusu duara lililochongwa tembo, farasi na ng’ombe wakifuatana. Nakeno alichutama akapapasa nundu ya ng’ombe mmoja. Alipiga picha za bendera za rangi tano na za mti mkongwe uliotegemezwa kwa nguzo, ambao watu waliumwagilia kwa heshima. Lakini mbele ya sanamu za Budha alisimama mbali, mikono nyuma. Mchungaji wake wa Kanamkemer alikuwa amemwonya kabla hajasafiri: tazama, ila usiiname wala usishike chochote.

Katikati ya Aprili, binti alipokwisha kurudi kazini Colombo, Mama Soma alimpa gauni jeupe na kumpeleka kwenye hekalu dogo la kijiji. Majirani walikuwa wamepika tangu alfajiri. Watawa wa mavazi ya rangi ya chungwa walikaa kwa safu, wakalishwa kwanza. Nakeno alikalishwa mbele kabisa, na kila aliyepita alimwinamishia kichwa. Wakaimba maombi marefu. Kisha Mama Soma akamwekea birika mkononi, akamwonyesha kikombe kilichokuwa ndani ya bakuli. Kwa ishara alimweleza amimine, kikombe kijae, aendelee kumimina mpaka maji yafurike.

Nakeno aliona ameelewa: walitaka kumfanya wa kwao. Aliliweka birika chini. Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika, “Kwetu watu wanakufa kwa kukosa maji. Mimi siwezi kuyamwaga mbele ya sanamu.”

Mtawa mmoja aliinamisha macho. Nakeno akatoka nje, akavaa viatu.

Siku tatu baadaye alipanda ndege, begi lake likiwa na chakula alichofungiwa na Mama Soma.

Kanisani Kanamkemer waliomba ushuhuda, akautoa, wakampigia makofi. Wakamwita tena. Mara zote mbili hakuitaja homa wala kile chakula. Mara ya pili sauti ilimkatika katikati, akarudi kukaa, na watu wakadhani amejawa na Roho.

Wiki hiyo picha ilifika posta ya Lodwar. Mama Soma, kwa gauni jeupe, alikuwa akimimina maji kwa lile birika, na nyuma ya picha kulikuwa na mistari minne ya herufi za mviringo. Nakeno hakuhitaji kusomewa ili ajue ni lawama. Aliificha miezi kumi na moja, na kila alipofungua sanduku la nguo uso ulimwaka.

“Nataka kumwomba radhi kwa lugha yake,” alimwambia Wimal. “Usinitetee. Andika kwamba nilimtukana mbele ya majirani zake, na kwamba kwetu nilishangiliwa kwa hilo.”

Wimal alifuta mikono, akachukua kalamu. Kabla ya kuandika aliomba kuiona picha. Aliigeuza, akasoma, akarudia kusoma, akaiweka kalamu chini.

“Kaa kwanza,” alisema.

Nakeno akakaa. Wimal akamsomea polepole, akitafsiri neno kwa neno:

“‘Binti yangu, siku ile mama yako alitimiza miezi mitatu tangu afariki, na kwetu maji yale humiminwa na mtoto wa marehemu. Nilipoona uchungu umekuzidi ukatoka nje, nilimmiminia mimi. Mwambie Apua anisamehe, mkono ulikuwa wa mgeni.’”