Kucha za Kwenye Kibodi

Mume wangu aliagiza kompyuta yangu mpya kana kwamba kazi ya kutafsiri anaifanya yeye.

"Kioo kiwe kipana, mpira uonekane vizuri. Na spika zenye kishindo," alimwambia fundi. "Memori weka ya kawaida. Mama watoto yeye anaandika tu."

Fundi akaichukua kompyuta yangu ya zamani, ambayo vitufe vyake vilikuwa vimeanza kugoma, akaipindua juu ya karatasi nyeupe na kuigonga mgongoni.

Zikadondoka kucha.

Kucha za miguu, za njano, zimejikunja kama maganda ya kitunguu. Moja ilikuwa ya kidole gumba, nene, na uchafu mweusi bado umeganda kwa chini. Na mimi nilikuwa nikitoka kwenye vitufe hivyo, nakwenda kumlisha mtoto kwa mkono.

Mume wangu akacheka. "Si nilikuwa nazikata huku naangalia mpira!"

Nilimgeukia fundi.

"Fundi, kwenye hiyo mpya ongeza kufuli la alama ya kidole."

"Kidole cha nani, shemeji?"

"Changu peke yangu."

"Na mimi je?" akauliza mume wangu.

Niliikunja ile karatasi na kucha zake zote, nikaisokomeza kwenye mfuko wa shati lake.