Sahani ya Pili

Kwa miaka ishirini Kitwana alikuwa ndiye sauti ya banda la video. Filamu ikiwekwa, yeye hushika maikrofoni akaisimulia kwa Kiswahili na vichekesho vyake, na watu hushika mbavu.

Alasiri hiyo mwenye banda, Mashaka, aliweka filamu ya binti mmoja wa mjini pale, aliyeitengeneza kwa kamera ya kuazima. Kwenye skrini mwanamke mzee alipakua ugali sahani mbili. Moja akaifunika kwa kawa, nyingine akaiweka mbele yake, akaketi akitazama mlango. Hakuna muziki, hakuna neno.

"Sema basi, Kitwana!" watu walipiga kelele. "Anamngoja nani?"

Angeweza kusema anamngoja mumewe mlevi, wakacheka. Lakini tangu amzike mkewe, naye hupakua sahani mbili kwa kusahau. Majirani walikaa naye matanga siku tatu, wakaenda zao. Kamera hii haikuondoka mbele ya yule mwanamke. Akaizima maikrofoni.

Watu wakasonya, wakatoka mmoja mmoja.

"Umenifukuzia watu," Mashaka alisema. "Kesho usije."

"Nimekusikia, bwana. Ila niachie iishe."

Mashaka akatikisa kichwa, naye akatoka. Kwenye skrini, ugali ulioachwa wazi ulikuwa umekoma kufuka moshi, na mwanamke bado alitazama mlango. Kitwana alihamia benchi la mbele. Lilikuwa tupu lote, lakini alikaa pembeni kabisa, akaacha nafasi ya mtu mmoja.