Kovu la Don Baltasar

"Hilo paja si langu!" Don Baltasar alifoka, akaigonga picha kwa ncha ya bakora yake.

Picha zilikuwa hamsini, zote sawa, zimetandazwa kwenye meza za baa ya Eloy: fahali kainamisha kichwa, Don Baltasar wa ujanani, torero apiganaye na mafahali uwanjani, kamkabili kifua mbele, pembe imezama kwenye paja la kulia.

"La kushoto, binti! Ronda nzima inajua kwamba kule Cuenca nilichomwa paja la kushoto, uso kwa uso na fahali."

Casilda alilijua kosa lake. Alichonga bamba la shaba kama alivyosimuliwa, akasahau kwamba karatasi ikikandamizwa juu yake, kushoto hutokea kulia. Sikukuu ya mafahali ilikuwa kesho. Bila saini ya mzee kando ya saini yake, hakuna ambaye angenunua hata moja, na kazi ya majira yote ya baridi ingekuwa ya kuwashia jiko. Machozi yalimlengalenga.

"Kaa kwanza, Don Baltasar, unywe kitu," alisema.

"Torero hanywi ameketi. Chonga upya!"

"Si utuonyeshe kovu tuamue?" Eloy alimtania kutoka kaunta. "Mficha uchi hazai, mzee!"

Baa nzima ikaangua kicheko. Don Baltasar akaiachia bakora, akaushika mkanda wa suruali yake kwa mikono miwili, utadhani kuna mtu anauvuta.

Casilda akamtazama vizuri, na machozi yakamkauka.

"Sawa, nitachonga upya," alisema. "Ila safari hii nitafuata mchoro wa marehemu baba. Sisi ni watu wa Cuenca, na yeye ndiye daktari aliyekushona siku ile. Kila jeraha alilichora. Ninao humu mkobani. Nimwonyeshe Eloy?"

Don Baltasar akaivuta picha ya kwanza.

"Kulia, kushoto… paja ni paja. Lete penseli."

Alisaini zote hamsini akiwa kainama juu ya meza, mbiombio, kisha akaondoka bila hata kunywa kitu.

Eloy akaja huku anafuta mikono. "Haya, toa huo mchoro! Ni paja lipi?"

Casilda alifungua mkoba. Mlikuwa na mkate na kipande cha jibini.

"Baba yangu ni fundi viatu, na yu mzima wa afya. Lakini mzee huyu nimemchora miezi mitatu, Eloy, na sijamwona akikalia kiti hata siku moja."